Yatima Haponywi kwa Kiboko

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha katika shule iliyo jirani na makao ya watoto yatima anamfahamu mtoto huyu. Hatulii kitini. Huchukua penseli ya mwenzake hata kama yake anayo, huficha kipande cha muhogo mfukoni hadi kikachacha, na akiguswa kidogo tu hupigana kama aliyevamiwa. Mgeni akifika shuleni, yeye ndiye wa kwanza kumkimbilia, kumshika mkono na kutaka kuondoka naye, ilhali hajapata kumwona maishani. Ufikapo mwisho wa muhula daftari la adhabu limejaa jina lake, na katika ofisi ya walimu jina lake jingine ni moja tu: mkorofi.

Neno hilo si la haki. Tunaloliita ukorofi mara nyingi ni jeraha, na jeraha halitibiwi kwa kiboko.

Mtoto mchanga hujifunza kuitawala hofu na hasira yake kwa njia ya mtu mmoja anayemzoea. Akilia, mtu yule yule huja. Akiogopa, mtu yule yule humbeba. Katika makao mengi mambo hayawi hivyo. Walezi hufanya kazi kwa zamu: wa asubuhi akiondoka wa jioni huingia, na wa mwaka huu akiacha kazi huajiriwa mwingine. Mtoto aliyezoea kuachwa namna hiyo hujifunza kwamba hakuna mtu aliye wake. Kwa hiyo humkimbilia kila mtu, au hamwamini yeyote.

Ushahidi mzito juu ya jambo hili ulipatikana Romania, nchi iliyojaribu kulea watoto kwa maelfu katika majumba ya Serikali. Mwaka 1966 Serikali ya Nicolae Ceauşescu ilipiga marufuku utoaji mimba ili kuongeza idadi ya watu, na familia maskini zilizozidiwa na mzigo zikawakabidhi watoto wao kwa Serikali. Utawala huo ulipoanguka Desemba 1989, watoto zaidi ya laki moja walikutwa katika majumba hayo. Wengi wao hawakuwa yatima. Wazazi wao walikuwa hai.

Mwaka 2000 wataalamu kutoka Marekani walianza utafiti mjini Bucharest juu ya watoto 136 wa majumba hayo, wenye umri kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, watoto 68 walipelekwa kwa familia za walezi, na 68 wakabaki katika utaratibu uliokuwapo. Miaka ilipopita, waliolelewa katika familia walionekana kupungukiwa na hofu na huzuni kuliko wenzao, na akili zao zilikua vizuri zaidi. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili walijifunza vizuri zaidi kumwamini mlezi wao. Hata hivyo, ukosefu wa utulivu na wa makini haukupungua sana hata kwa wale waliohamishwa. Yapo madhara ambayo yakishaingia hayatoki upesi. Mwaka 2004 Romania ilitunga sheria iliyokataza kuwaweka watoto wa chini ya miaka miwili katika majumba hayo, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa.

Wako watakaosema kwamba makao humpa mtoto kitanda, chakula na sare, wakati shangazi yake kijijini hana hata shuka la ziada. Hoja hii ina uzito. Aidha, wako watoto wasio na ndugu kabisa, na wengine wamekimbia mateso mikononi mwa ndugu hao hao. Kwao makao ni kimbilio, na watumishi wanaowahudumia wanastahili heshima yetu. Lakini watoto wa Bucharest nao walikuwa na vitanda. Ikiwa umaskini wa shangazi ndiyo sababu pekee, basi msaada unaotolewa makaoni na umfuate mtoto nyumbani kwa shangazi. Jirani zetu wa Rwanda walichagua njia hiyo mwaka 2012, walipopitisha mpango wa kuwarudisha watoto wa vituo katika familia zao, au kuwatafutia familia nyingine.

Sisi nasi hatukosi sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuishi na wazazi au walezi wake, na malezi ya kambo yamo ndani yake. Linalotakiwa ni utekelezaji. Afisa Ustawi wa Jamii anapoletewa faili la mtoto, na aulize kwanza: bibi yuko wapi? Mjomba je? Nani katika kijiji hiki anaweza kumlea akisaidiwa? Sahihi ya kumpeleka mtoto makaoni iwe ya mwisho, wala isiwe ya kwanza kwa sababu tu ni rahisi. Nayo makao yawagawe watoto katika vikundi vidogo, kila kikundi na mlezi wake asiyebadilishwa ovyo.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko vinne, tena kwa mamlaka ya mwalimu mkuu. Lakini mpaka wa adhabu si amri ya kuadhibu. Mtoto aliyekwisha kupigwa na dunia hafundishwi kuiamini kwa kupigwa tena. Mpeni mwalimu mmoja wa kumwendea kila asubuhi. Mwambieni mapema mwalimu huyo anapohamishwa. Akiiba chakula, kwanza ulizeni kama amekula. Haya hayahitaji fungu la fedha kutoka Hazina.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Walikuwa na haki. Lakini hawakusema kwamba mikono hiyo ibadilishwe kila zamu. Yatima amekwisha kupoteza wazazi wake. Tusimpokonye na haki ya kuwa na mtu mmoja anayemjua kwa jina, na ambaye kesho atamkuta pale pale.