Kifaru cha Mfano Kikikosewa, Askari Hufundishwa Uongo

Katika mafunzo ya askari, kitu kidogo hutumika kufundishia kikubwa. Kuruta huonyeshwa mlima kwenye meza ya mchanga kabla hajaupanda, na huonyeshwa kifaru cha ubao au cha plastiki kabla hajakutana na kifaru cha chuma. Utaratibu huu ni mwema na ni wa siku nyingi. Lakini una sharti moja ambalo husahauliwa kwa wepesi: kitu hicho kidogo lazima kiwe cha kweli. Sisi tunashikilia kwamba kifaru cha mfano kilichokosewa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho kabisa, kwa kuwa askari asiyejua huuliza, bali aliyefundishwa uongo hufyatua bila kuuliza.

Jambo hili si la mchezo. Mwaka 1978, mwanzoni mwa vita vya Kagera, wapiganaji wa Tanzania waliokuwa wakilinda anga ya Musoma walitungua ndege za Tanzania yenyewe wakidhani ni za adui. Wala si sisi peke yetu. Tarehe 26 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, ndege za Marekani zilishambulia magari ya deraya ya Waingereza, washirika wao, na askari 9 wa Uingereza wakapoteza maisha. Waliofyatua hawakuwa wasaliti wala wazembe. Macho yao yaliona umbo, na akili zao zikalipa umbo hilo jina lisilo lake.

Wakongwe wa vita vya Kagera wanafahamu ugumu wa kutambua vifaru. Jeshi letu lilikuwa na Type 59, kifaru kilichoundwa China kwa kufuata T-54 ya Urusi. Majeshi ya Idi Amin, na yale ya Libya yaliyokuja kumsaidia mwaka 1979, yalikuwa na T-55, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na T-54. Vyote vina magurudumu 5 kila upande, vyote vina nafasi pana kati ya gurudumu la kwanza na la pili, na vyote vina mzinga wa milimita 100. Moja ya alama zinazovitenganisha ni kibumba kidogo cha kupitishia hewa, mfano wa kikombe kilichofudikizwa, juu ya kichwa cha kifaru. T-54 na Type 59 zinacho, T-55 haina. Fundi wa kifaru cha mfano akikisahau kibumba hicho, amemfuta rafiki na kumweka adui mahali pake.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii waachiwe wenye viwanda, ambao huuza vifaru vya mfano katika visanduku, vipande vyote vikiwa tayari kuungwa kwa gundi. Tunawaheshimu wenye viwanda, lakini tukumbuke kwamba kiwanda huuza, hakifundishi vita. Kampuni ya Tamiya ya Japan ilipotoa kifaru chake cha Panther mwaka 1961, ukubwa wake haukupangwa kwa hesabu ya kijeshi, bali ili mota na betri zake zipate kuenea ndani. Ndiyo asili ya skeli ya 1 kwa 35, ambayo leo imeenea duniani kote. Kadhalika, baadhi ya vifaru vya mfano vya zamani vilipanuliwa tumbo kwa sababu hiyo hiyo. Mnunuzi aliyeviunga kwa utiifu, kipande kwa kipande, aliunga pamoja na kosa.

Ndiyo maana tunapendelea vifaru vya mfano vilivyo vikubwa, mathalan vya skeli ya 1 kwa 16. Katika ukubwa huo kosa halina pa kujificha. Mzinga wa milimita 100 unapaswa kuwa na mdomo wa milimita 6 na robo. Ukiwa na milimita 8, askari anaonyeshwa mzinga wa karibu milimita 130, na rula ya mwanafunzi wa shule yatosha kulifichua jambo hilo. Kusahihisha nako hakuhitaji uchawi. Kwanza fundi hukusanya vipimo na picha za kifaru halisi, za mbele, nyuma, ubavuni na juu. Pili hupima kila kipande kabla ya kukigusa kwa gundi, na kuandika kasoro zake. Tatu hukata kilichozidi, huongeza kilichopungua, na kulainisha kwa msasa. Mwisho humwita mwenzake, ambaye hakushiriki katika kuunga, apime upya. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, kwani jicho la mwenye kazi huipenda kazi yake.

Atauliza mtu: visanduku hivyo vyatoka ng'ambo na bei yake ni kali, sisi tutavipata wapi? Jibu liko kwa jirani zetu wa Malawi. Mitaani Lilongwe, na vijijini kote nchini humo, watoto huunda magari ya waya yaitwayo galimoto, neno ambalo kwa Kichewa maana yake ni gari. Waya hukunjwa ukafanywa umbo la basi au lori, vizibo na makopo hugeuzwa magurudumu, na usukani hufungwa kwenye waya mrefu ili mtoto aliendeshe gari lake huku amesimama. Waya una fadhila ambayo plastiki haina: ukikosea, unaukunjua na kuanza upya bila hasara.

Kiasi cha kilometa 45 kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, ipo Dzaleka. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kwa watu wapatao 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika humo kila upande. Miongoni mwao wamo watu wa mashariki ya Kongo, nchi ile ile ambako askari wa Tanzania na wa Malawi walitumikia bega kwa bega kuanzia mwaka 2013 katika kikosi kimoja cha Umoja wa Mataifa. Mambo ambayo askari husomeshwa kwa picha, wao waliyakimbia kwa miguu.

Hatusemi kwamba mkimbizi ahojiwe habari za silaha. Kambi ni mahali pa raia, na mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969 umetamka kuwa kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la ubinadamu. Mtoto wa Dzaleka na aachwe aunde basi lake. Tunachosema ni kwamba askari mwenye kambi, karakana na mshahara hana udhuru wa kukosa kifaru cha mfano, hali mtoto asiye na kitu anatoa gari zima katika waya uliotupwa. Kwa waya, mbao na skeli ya 1 kwa 10, mzinga wa milimita 100 unakuwa sentimita 1 kamili, na hesabu yake haimshindi kuruta yeyote.

Ndugu zetu wa polisi wasidhani kwamba haya hayawahusu. Askari wa usalama barabarani anapochora ramani ya ajali, naye anaunda kitu kidogo kinachosimama mahali pa kikubwa, na mahakama itakiamini. Mita 3 zilizokisiwa badala ya kupimwa zaweza kumfunga dereva asiye na hatia. Kwa hiyo ramani hiyo nayo ipimwe upya na askari wa pili kabla haijatiwa saini.

Basi tunapendekeza kila chuo na kila kikosi kiwe na vifaru na magari ya mfano yaliyoundwa na askari wenyewe, ya adui na yetu pia. Kila kimoja kifungwe kadi yenye vipimo vya kitu halisi, vipimo vya mfano, jina la aliyeunda na jina la aliyehakiki. Kisichofaulu kisahihishwe, na kisichosahihishika kivunjwe, hata kama kinapendeza. Kuruta ajifunze mapema kwamba kumwambia mkubwa wake, "Afande, kipimo hiki si sawa," si utovu wa nidhamu. Siku ya vumbi na moshi hapatakuwa na nafasi ya kupima tena, na aliye mbele ya mzinga wake huenda akawa ni mwenzake.