Karatasi ya ruhusa haimfundishi mtoto kutembea!

NDUGU msomaji, hebu weka kahawa chini kidogo. Wewe uko Kariakoo unasukuma mkokoteni, au Manzese na bodaboda yako, na mwanao unamlea kwa simu. Yuko kwa bibi yake, Saadani. Siku moja unapigiwa: dogo kagongwa na pikipiki, kichwa kimepasuka, hajitambui.

Utahangaika, utakopa, mtoto atafikishwa Muhimbili, pale MOI, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996. Madaktari wa kupasua vichwa wapo na kazi wanaijua, tusiwanyime haki yao. Mtoto atazinduka. Utachinja jogoo. Utapewa karatasi ya ruhusa na kuambiwa: mfanyisheni mazoezi.

Nani amfanyishe? Bibi?

Hapo ndipo kazi inapoanza. Ubongo ulioumia hauponi kwa vidonge tu. Unajifunza upya kwa kurudia jambo lile lile kila siku, miezi hata miaka: kukaa, kushika kijiko, kumeza uji bila kupaliwa, kumwita mama. Ukichelewa, misuli inakaza, mkono unajikunja ngumi, mguu unapinda. Tena kuna yasiyoonekana. Mtoto anasahau, anafoka ovyo, darasani hatulii. Mtaani watasema ana mashetani, na mwalimu atamtandika bakora. Na si pikipiki peke yake. Malaria ikipanda kichwani huacha watoto wa pwani katika hali hiyo hiyo.

Mwaka 2017, baada ya ajali ya basi la Lucky Vincent kule Karatu, watoto 3 walionusurika walipelekwa Marekani, wakatibiwa na kufanyishwa mazoezi kwa miezi mitatu. Tulishangilia, na ilikuwa haki. Lakini ule ulikuwa msaada wa wafadhili. Wa Saadani asubiri mfadhili gani?

Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 26 kinataka huduma za utengamao zianze mapema, ziwe karibu na watu wanakoishi, vijijini pia. Mwaka 2010 Bunge likapitisha sheria yake. Makofi yakapigwa, posho zikaliwa.

Saadani hiyo hiyo ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Mtalii anatua na ndege kuangalia wanyama kando ya bahari. Mtoto wa kijijini akitaka mazoezi, apakatwe juu ya pikipiki, chombo kile kile kilichomvunja!

Sisemi kila kijiji kijengewe MOI. Wataalamu wa mazoezi wanafundishwa KCMC, Moshi. Waajiriwe, wazunguke zahanati, wamwonyeshe bibi namna ya kumnyoosha mtoto mkono. Na wewe baba, hela ya simu haimshiki mtoto kiuno akijaribu kusimama. Panda gari uende.

Mgombea akija kijiweni na fulana zake, muulize: kutoka Saadani hadi kwa mtaalamu wa mazoezi ni kilomita ngapi? Asikupe fulana kabla hajajibu.