Safari ya Kwanza ya Ulaya kwa Mfuko Mdogo: Hesabu Kwanza, Tiketi Baadaye



Zamani neno Ulaya lilipotajwa majumbani mwetu lilihusu masomo au matibabu. Siku hizi tunaulizwa pia na watu wa kipato cha kawaida wanaotaka kwenda kutazama na kurudi. Hatuoni aibu katika hilo. Kutembea katika ardhi na kuzingatia yaliyowapata waliotutangulia ni jambo tuliloelekezwa na Kitabu chetu. Lililo zito ni njia ya kulifikia bila kuvunja amana na bila kuiacha familia kwenye madeni.

Wiki hii tunajibu barua ya mke na mume wa Dar es Salaam. Mke ni mwalimu wa historia katika sekondari, mume ni fundi cherehani. Wanatamani kuiona Andalus, yaani Hispania ya kusini, ambayo mwalimu huyo ameisoma kwa miaka mingi bila kuitia machoni. Kwa miaka minne wameweka akiba ya shilingi milioni 8. Shemeji yao amejitolea kuwakopesha milioni 6 zikae katika akaunti yao kwa mwezi mmoja, ili ubalozi uone salio nono, kisha azichukue. Mume ameafiki, mke moyo wake umesita. Wanatuuliza nani yuko sawa.

Tutangulize jibu: mke yuko sawa. Fedha iliyoazimwa ili ionekane ni yako mbele ya anayekuuliza una nini, ni ushahidi wa uongo hata kama karatasi ya benki ni halali. Tena ni uongo usio na akili, kwa kuwa maofisa wa viza husoma taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa. Milioni 6 zilizoingia kwa mkupuo katika akaunti ambayo mwezi baada ya mwezi hupokea laki moja au mbili hujisema zenyewe. Na anayebainika kuwasilisha maelezo ya uongo hubaki na doa katika kumbukumbu zinazosomwa na nchi zote za eneo la Schengen.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Eneo la Schengen lina nchi 29 zinazotumia viza moja ya matembezi, isiyozidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo. Maombi hupelekwa katika ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, kwa mtoto wa miaka 6 hadi kutimia 12 ni euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Ombi likikataliwa ada hairudi, kwa hiyo wawili hawa wataanza na euro 180 ambazo lazima wawe tayari kuzipoteza. Itaongezeka ada ya kituo cha kupokea maombi pale kinapotumika, na bima ya matibabu ya safari yenye kufidia angalau euro 30,000 katika nchi zote za eneo hilo.

Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa. Kila nchi hujiwekea kiwango cha fedha ambacho mgeni lazima athibitishe anacho. Kwa Hispania, kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa takriban euro 118 kwa mtu kwa siku, na jumla isipungue takriban euro 1,065 kwa mtu hata kama safari ni ya siku tatu tu. Kwa hiyo kupunguza siku hakusaidii. Wawili wakienda kwa siku tisa, wanatakiwa kuonyesha yapata euro 2,130, ambazo kwa shilingi zinakaribia milioni 6. Si lazima fedha yote hiyo itumike, ila ni lazima iwepo. Humo hamna nauli ya ndege, ambayo kwa wawili, kwenda na kurudi, itameza mamilioni mengine.

Kwa hesabu hiyo milioni 8 hazitoshi. Milioni 12 ndicho kiasi tunachokiona cha kuanzia. Kwa mwendo wao wa milioni 2 kwa mwaka, ni miaka miwili zaidi ya subira. Tunajua ni neno gumu kwa aliyekwisha kungoja minne, lakini wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na mwenye deni lililofika wakati wake, au ada ya shule ya mtoto iliyokwama, au dawa za mzazi zinazosubiri, aanzie huko.

Wapo watakaouliza: kwa nini Ulaya kabla ya Makka? Swali hili lina haki yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mwenye uwezo wa hija anaweza kuiakhirisha kwa azma ya kweli ya kuitekeleza. Maimamu wengine wanaiona ni wajibu wa papo hapo. Mwenye fedha ya kutosha hija na alikalie jambo hili na shekhe wake kabla ya kulikalia na wakala wa ndege.

Miaka hiyo miwili isipite bure. Kwanza, akiba iwekwe benki kila mwezi kwa kiasi kinachofanana, kwa kuwa akaunti yenye mwendo wa kawaida ni ushahidi kuliko salio kubwa la ghafla. Pili, mume aandae leseni ya biashara na nyaraka za kodi, mke aandae barua ya mwajiri na ya likizo, na cheti cha ndoa kitafutwe mapema. Ofisa hupima pia sababu zitakazokurudisha nyumbani. Tatu, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na inabaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini waweza kufika 45. Tiketi ya ndege isilipiwe kabla ya viza. Nafasi iliyoshikwa tu yatosha kuambatanishwa.

Msimu nao ni fedha. Andalus wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40 za joto, na Pasaka vyumba vya kulala hupanda bei. Novemba, au Januari baada ya sikukuu zao hadi mwanzo wa Machi, ni nafuu zaidi. Kuna faida nyingine kwa mwenye kuswali: mwezi Juni jua huzama Madrid karibu saa nne usiku na Isha huwa karibu na usiku wa manane, wakati Desemba Magharibi huingia karibu saa kumi na mbili jioni. Baridi ya Granada iliyo chini ya milima yenye theluji ni kali, basi koti zito liingizwe katika bajeti, na la mtumba lafaa.

Njia tunayoipendekeza ni hii: Madrid usiku mbili, Córdoba mbili, Granada tatu, na usiku mmoja Madrid kabla ya kurudi. Mabasi ni nafuu kuliko treni ziendazo kasi, ingawa tiketi ya treni ikinunuliwa mapema huweza kushindana nayo. Anayetaka kutumia ndege za bei ndogo ndani ya Ulaya asome masharti: mzigo wa ziada hulipiwa, na viwanja vingine viko mbali na mji unaotajwa. Kile cha Beauvais, kinachoitwa cha Paris, kiko karibu kilomita 80 kutoka Paris.

Madrid, mji ulioanzishwa na amiri Muhammad wa Kwanza katika karne ya 9, una jumba la sanaa la Prado ambalo saa mbili za mwisho kila siku ya kazi yake huingiwa bure. Pia una msikiti mkubwa kando ya barabara ya M-30, uliofunguliwa 1992. Córdoba, Qurtuba ya vitabu vyetu, ina jengo lililoanza kuwa msikiti chini ya Abdurrahman wa Kwanza katika karne ya 8 na ambalo tangu 1236 ni kanisa. Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo, na mgeni na aheshimu amri ya mahali. Granada kuna Alhambra. Tiketi yake, takriban euro 20, ikatwe wiki nyingi kabla kwa jina la pasipoti, maana ina saa maalumu ya kuingia majumba ya wafalme na nafasi huisha. Mlima wa pili, mtaa wa Albaicín, upo msikiti uliofunguliwa 2003, na bustani yake inatazamana na Alhambra.

Chakula kisiwape hofu. Mitaa ya Lavapiés mjini Madrid na Calderería mjini Granada ina migahawa ya halali, na madukani kuna mkate, samaki, mayai, zeituni na matunda. Chumba chenye jiko hupunguza gharama kuliko punguzo lolote la mkahawa. Mashine ya fedha ikiuliza kama ikukate kwa shilingi au kwa euro, chagueni euro.

Kwa swala, njia hii haifiki siku nne kamili katika mji mmoja, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, kwa hiyo kwa Shafii msafiri anabaki na ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya. Wala wasishawishike kuvuka bahari kwenda Tangier kwa siku moja iwapo viza yao ni ya kuingia mara moja. Wakitoka, hawarudi.

Mwisho, kamati za misikiti huombwa barua za utambulisho kwa ajili ya viza. Sisi huandika tunalolijua: kwamba fulani ni mkazi wetu na tunamfahamu tangu mwaka fulani. Kipato chake hatukijui, hatukiandiki. Na wakala anayeahidi viza ya uhakika kwa malipo ya ziada anauza asichokuwa nacho, kwani uamuzi ni wa ubalozi peke yake. Mkataeni kabla hajashika pasipoti zenu.

Wabillahi tawfiiq.