NGUVA NA RESI ZA NGALAWA



Watoto wengi wa hapa Moa wanamjua nguva kwa picha ya kitabuni tu. Wazee wetu walimwona akilisha kwenye majani ya bahari kama ng'ombe malishoni. Leo mvuvi akisema kamwona, watu wanacheka, wanadhani kalewa!

Tuseme kweli. Nguva hakuondolewa na mwindaji wa mkuki. Ni mnyama anayevuta hewa kama sisi, lazima apande juu. Akinaswa na jarife usiku anazama na kufa kabla mwenye wavu hajarudi. Tena huzaa mtoto mmoja tu, na huweza kukaa hata miaka mitano asipate mwingine. Juya la kokoro nalo likiburutwa linang'oa yale majani anayokula, ambayo pia ndiyo malezi ya tasi na kamba wetu. Baruti, ambayo Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaikataza, ilipungua sana kwenye pwani yetu ya Tanga baada ya serikali kuikazania kati ya 2016 na 2018. Lakini mwamba uliovunjika hauponi kwa msimu mmoja, jamani.

Kuna wanaosema Katibu na wazee wanatamani mambo ya kale. Njaa ya kale hatuitamani, wala homa isiyo na dawa. Tunachotamani ni ile bahari iliyokuwa uwanja wa vijana. Kusi likivuma, ngalawa zilipangwa pwani, tanga linapandishwa, kijana mwepesi anakaa juu ya matengo kuzuia chombo kisipinduke, mwingine anafua maji mpaka mikono inakufa ganzi. Anayeshinda, kijiji kizima kinamjua! Bamvua likijaa, watoto walipita kwa mitumbwi katikati ya mikoko, wakijua ipi mchu, ipi mkandaa. Hapo ndipo mtu alipojifunza upepo na mkondo bila mwalimu.

Sasa jioni vijana wako kibanda umiza wanatazama mpira wa Ulaya. Hatuna ugomvi na mpira, hata sisi tunautazama. Ila kijana asiyeijua bahari hataona hasara ikiharibika, atauza mkoko kwa boriti na asishtuke.

Jarife linalisha nyumba nyingi hapa, na hatusemi lichomwe. Tunachoomba ni kipande kimoja cha majani ya bahari kiachwe, jarife lisitegwe pale usiku, na kokoro, ambalo sheria imeshalikataza, lisionekane kabisa. Watakaopoteza mahali pa kutega wasiachwe hivi hivi. Ushirika uwakopeshe mishipi na ndoana. Na resi za ngalawa zirudi kusi hili, vijana kwa vijana, wazee wawe waamuzi.

Jambo hili litaletwa kwenye kikao cha wanaushirika Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, chini ya mwembe. Wenye majarife waje wenyewe waseme kipande kipi kiachwe, maana wao ndio wanaoijua ile bahari usiku.

Katibu