Tufunge Mapaa Kabla ya Vuli

Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa,

Upepo unapoezua nyumba ya jirani, sisi ni watu wa kukimbilia. Kabla jua halijazama, mabati yaliyotupwa kibanjani yameshaokotwa, watoto wamepata pa kulala na daftari la michango limeanza kuzunguka. Najivunia utu huo. Ombi langu ni kwamba nguvu hiyo hiyo na daftari hilo hilo viutangulie upepo.

Tumezoea kusikia habari za kimbunga redioni kama jambo la watu wa pwani. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikuwa na jina, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa zake kabla hakijafika. Upepo wetu hauna jina. Mchana joto linabana, alasiri wingu jeusi linapanda juu ya vilima, kisha hewa ya baridi inashuka kutoka ndani ya wingu, inagonga ardhi na kusambaa kwa kasi, mara nyingi kabla tone la kwanza halijaanguka. Huvuma dakika chache tu, na dakika hizo zinatosha kulaza migomba yenye mikungu na kubeba paa la darasa. Angalizo na tahadhari za Mamlaka tuzisikilize, lakini hakuna tangazo litakalotaja saa ambayo wingu litafika Nkwenda au Nyaishozi. Kazi kubwa ni ya siku za jua.

Usiku wa Machi 3, 2015, katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo viliua watu zaidi ya 40. Wengi waliangukiwa na kuta za nyumba za udongo. Kuta kama hizo tunazo Mabira, tunazo Kaisho, tunazo Kihanga, na mara nyingi anayelala ndani yake ni mjane au mzee anayelea wajukuu.

Tazameni mapaa yetu. Babu zetu walijenga msonge, mviringo, nyasi zikishuka hadi chini, na upepo ulikosa pa kushika. Sisi tumehamia kwenye bati, tukaliweka juu ya kenchi ambazo nyingi zimelazwa tu ukutani. Upepo huanzia pembeni, chini ya bati la baraza, na ukishapata nafasi hiyo hunyanyua paa zima. Dawa yake si ya gharama kubwa: waya mzito au mkanda wa chuma upite juu ya kenchi na kushikizwa kwenye lenta, au kwenye kozi za tofali zilizo chini zaidi. Misumari ya bati iliyolegea ibadilishwe, na ya pembeni iongezwe. Mawe na matairi tunayopanga juu ya bati yashushwe, kwa sababu bati likinyanyuka huangukia watu. Mkaratusi ulioinamia nyumba upunguzwe matawi au uangushwe. Migrevilea tuipande kwenye mipaka ya kibanja ipunguze kasi ya upepo, mbali na nyumba.

Nani afanye kazi hii kwa ajuza asiye na kijana nyumbani? Hapo ndipo ninapovitazama vikundi vyetu vya kuzikana. Vina katiba, vina zamu, vina mweka hazina, na asiyefika anatozwa faini. Sijui chombo kingine vijijini kwetu chenye nidhamu ya namna hiyo. Ninaviomba viongeze kifungu kimoja: kila mwaka, kabla ya Septemba, wanachama wafunge mapaa ya kaya zisizojiweza, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tunayotoka kwa usafi, itumike pia kwa kazi hii. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Muulizeni mwenyekiti wenu ya kwenu ilikaa lini.

Kila kaya yenye kuta zilizopasuka ikubaliane mapema na jirani mwenye nyumba imara kwamba wingu likitanda watoto watakimbilia kwake. Upepo ukiwakuta ndani, fungeni milango na madirisha, kaeni katika chumba kidogo mbali na dirisha, mkijikinga vichwa kwa godoro. Asitoke mtu kuokoa mahindi aliyoanika wala kushikilia bati. Radi nayo haina huruma: Januari 2025 iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe, mkoani Geita. Ngurumo zikisikika, chomoeni simu na televisheni, na msitoke hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Walimu, msiwaruhusu watoto kwenda nyumbani wingu likiwa limeshatanda, na wazazi tusiwalaumu walimu watoto wakichelewa.

Madiwani, mapaa ya madarasa na zahanati yakaguliwe na fundi kabla ya bajeti kupitishwa, kila kata. Na wewe katibu wa kikundi, kwenye kikao kijacho andika ajenda hii iwe ya kwanza: majina ya kaya za kuanzia, fundi atakayeongoza, kiasi cha waya kwa kila mwanachama, na tarehe.