Chupa ya alovera ituambie kilichomo

Muuza juisi ya alovera haishiwi maneno: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, na siku hizi “inapandisha kinga ya mwili”. Hilo la mwisho ndilo linalotukera zaidi, kwa sababu lina chembe ya ukweli, nayo inauzwa kwa bei ya debe zima.

Pasua jani. Chini ya ganda utaona utomvu wa njano, mchungu, unaoharisha. Katikati kuna ute angavu, karibu asilimia 99 maji. Katika hicho kidogo kinachobaki mna asemanani, mnyororo mrefu wa sukari iitwayo manosi, uliobandikwa vikundi vya asetili. Maabara zimeonyesha kuwa makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, huchangamka zikikutana nayo. Kinachozichangamsha ni umbo lake. Asetili zikibanduka au mnyororo ukikatika vipande vifupi mno, nguvu hupungua. Na si vigumu kuuharibu: joto la kiwandani likizidi, au majani yakilazwa sana baada ya kuvunwa, vimeng'enya vya jani lenyewe huanza kuukata.

Kisha kuna uchakachuaji. Maltodekstrini, unga wa wanga wa bei chee, nayo ni mnyororo wa sukari. Anayepima sukari za aina hiyo kwa jumla hataona tofauti, na wajanja wanalijua hilo. Hata jaribio la kinga lenyewe laweza kupotosha: mabaki ya kuta za bakteria yakiingia kwenye sampuli, makrofaji huchangamka vilevile na mmea ukapewa sifa isiyo yake.

Marekani iliruhusu asemanani itumike kwa sindano, kwa mbwa na paka wenye saratani ya fibrosakoma. Binadamu anayekunywa juisi ni habari nyingine kabisa. Hatuna kimeng'enya cha kusaga mnyororo ule. Unafika utumbo mpana, bakteria wakaula.

Mamlaka za dawa na viwango, Tanzania na Kenya, zisiruhusu neno “kinga” kwenye lebo bila kipimo cha asemanani na ushahidi uliotoka kwa watu. Nawe msomaji, kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji asemanani iliyomo ni kiasi gani. Akibabaika, mwachie chupa yake.