Al-Shabaab Wanachowinda ni Hasira Yetu

Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, Kenya, wanamgambo wa Al-Shabaab waliteka basi lililokuwa likielekea Nairobi, wakawatenga abiria walioshindwa kutamka shahada, wakaua watu 28. Wengi walisema huo ni wendawazimu. Ukatili ulikuwepo, wazimu, la. Kundi linalotaka maiti tu hulimiminia basi zima risasi. Anayepoteza muda kuchambua abiria mmoja mmoja ana ujumbe, na ujumbe huu ulikuwa na wapokeaji wawili: Mkristo wa bara, amwogope jirani yake Msomali; na serikali, ichokozeke hadi imwandame Mwislamu asiye na hatia, ili baadaye kundi limwendee likijidai mtetezi wake.

Wapo wanaoshikilia kwamba shabaha ni moja, jeshi la Kenya (KDF) liondoke Somalia lilikoingia Oktoba 2011. Kundi lenyewe lilitoa sababu hiyo baada ya kuua watu 67 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, na sioni haja ya kuikana. Ila haielezi kwa nini Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, wauaji walihangaika kuwatenga wanafunzi Wakristo na Waislamu. Wala haielezi kwa nini Juni 2014 walichagua Mpeketoni, makazi ya watu waliohamia kutoka bara, ndani ya Lamu yenye Waislamu wengi na ugomvi wa ardhi wa miaka na miaka. Kambi za jeshi zilikuwepo kwingine. Walikwenda penye ufa.

Na serikali ilikuwa imeshachokozeka. Aprili 2014, baada ya milipuko ya Eastleigh, Nairobi, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch ulikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mpeketoni, Mandera na Garissa zote zilikuja baada ya hapo. Sisemi msako ndio uliozaa mashambulizi hayo. Nasema haukuyazuia, na uliwapa waandikishaji wa Al-Shabaab hoja ya bure. Atakayeuliza kama polisi walipaswa kukaa kitako, ajibiwe kwamba kumkamata mtu kwa ushahidi na kumkamata kwa sura yake ni kazi mbili tofauti. Na anayedhani kueleza hesabu za muuaji ni kumtetea, atuambie atazivuruga vipi hesabu asizozijua.

Abiria wa basi jingine walizivuruga. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, washambuliaji waliamuru Waislamu wajitenge. Waislamu wakakataa: waueni wote au mtuache. Baadhi ya wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa Waislamu hao, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata, na Rais wa wakati huo akamtunukia nishani baada ya kifo chake. Serikali iliyomtunuku haina budi kuacha misako ya kukamata watu kwa kabila na dini zao.